Goti aliloumia shuleni ndilo linalomsumbua kwenye ngazi leo

Jumamosi jioni kijana wa kidato cha tatu anaingia nyumbani akichechemea, viatu vya mpira mkononi, goti la kulia limevimba kama embe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu huo umefanya nini tena?"

"Nimegeuka vibaya tu, mama. Kesho litakuwa sawa."

Mama anabandika maji jikoni, anatafuta kitambaa na dawa ya kuchua. Kabla ya kuinuka kwenye kigoda anashika kwanza meza, kwa sababu naye goti lake la kushoto halimpi raha. Linauma akishuka kwenye daladala, linauma akichuchumaa chooni, na asubuhi linakuwa gumu mpaka atembee kidogo. Ana miaka 44. Jirani mmoja amemwambia ni baridi, mwingine amesema umri umeanza kubisha hodi, wa tatu amemshauri ale bamia kwa wingi ili ute wa magoti uongezeke.

Jambo ambalo hajawahi kumweleza mtu yeyote, kwa kuwa haoni linahusika vipi, ni kwamba akiwa na miaka 17 alikuwa mchezaji wa netiboli wa shule. Siku moja aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, goti hilo hilo likazunguka. Alikandwa wiki mbili, akapata nafuu, akamaliza shule, akaolewa, akasahau.

Familia hii ni ya mfano, lakini zinazofanana nayo zipo karibu kila mtaa. Magoti mawili yanauma chini ya paa moja, moja la juzi na jingine la miaka 27 iliyopita, na hakuna anayefikiri kwamba hili la leo linaweza kuja kuwa kama lile la zamani.

Kata ya kubebea ndoo

Aliyewahi kukata paja la kuku amekwisha kuliona gegedu. Ni ule utando mweupe, laini, unaong'aa kwenye ncha ya mfupa. Ndani ya goti la binadamu gegedu la aina hiyo hufunika ncha ya mfupa wa paja, ncha ya mfupa wa muundi na upande wa nyuma wa pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele kinachosogea ukikunja mguu. Unene wake ni milimita chache tu, ila linateleza kuliko barafu juu ya barafu, na ndilo linalowezesha mtu kutembea maisha yake yote bila mfupa kugusa mfupa.

Kuna gegedu la pili ambalo watu wengi hawalifahamu. Katikati ya mfupa wa paja na wa muundi zimelala meniskasi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, kila moja ina umbo la mwezi mchanga na ugumu wa mpira. Hizi ndizo zinazochanika mara nyingi mchezaji akigeuka ghafla huku mguu umeganda ardhini.

Mwanamke anayebeba ndoo ya maji kichwani anaelewa kazi ya meniskasi bila kufundishwa. Hawezi kuweka ndoo moja kwa moja juu ya utosi. Anaviringisha kanga, anatengeneza kata, ambayo wengine huiita ngata, na uzito unatandazwa kichwa kizima. Ondoa kata hiyo, ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini sasa mzigo wote unakaa mahali padogo na kichwa kinauma. Ndivyo ilivyo ndani ya goti. Meniskasi ikichanika vibaya au ikiondolewa, uzito wa mwili hauongezeki hata gramu moja, isipokuwa sehemu inayoupokea inakuwa ndogo, na gegedu laini la sehemu hiyo linabanwa kuliko lilivyoumbwa kuvumilia.

Kwa hiyo jeraha lilikuwa kwenye meniskasi, lakini kinachosagika baada ya miaka ni gegedu la mfupa lililo juu na chini yake.

Ubaya mwingine wa gegedu hili la kwenye mifupa ni kwamba halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa mishipa ya fahamu, linaweza kuliwa polepole bila mwenyewe kuhisi chochote, na maumivu yakija huwa yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake au kwenye utando wa goti uliovimba. Kwa kukosa damu, halina njia ya kujijenga upya kama ngozi iliyokatika. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliwasomea wanasayansi wa London andiko lake kuhusu magegedu, akaeleza kwamba yakishaharibika hayarudi. Yamepita karibu miaka 300, na pamoja na mbinu zote mpya za upasuaji, hakuna aliyeweza kumrudishia mtu gegedu lile lile alilozaliwa nalo.

Meniskasi zina nafuu kidogo. Ukingo wao wa nje hupata damu, hivyo mchaniko uliotokea huko, hasa kwa kijana, unaweza kushonwa ukashika. Ule uliotokea ukingo wa ndani ni vigumu kupona.

Chumba kimoja kikiungua

Madaktari huligawa goti katika vyumba vitatu. Kimoja kiko upande wa ndani, kingine upande wa nje, na cha tatu kiko mbele, kati ya pia ya goti na mfupa wa paja. Mgonjwa anaposema "naumwa hapa" huonyesha chumba kimoja. Swali ambalo wengi hujiuliza ni kwa nini goti lililoumia upande wa ndani linakuja kuuma mbele, au kwa nini kipimo kinaonyesha uharibifu sehemu ambayo haikuguswa siku ya ajali.

Jibu ni kwamba vyumba hivi ni vya nyumba moja ya kupanga. Ua ni mmoja, bomba ni moja. Vyote vitatu vinaoga ute mmoja.

Goti linapoumia sana, tuseme ligamenti ya katikati ya goti imekatika au kipande cha gegedu kimemeguka, utando unaolizunguka huvimba na kumwaga ndani ya ute kemikali za uvimbe. Kemikali hizi zinakusudiwa kusafisha na kutibu, lakini zina tabia ya kulainisha na kuvunja gegedu, na haziulizi ni chumba kipi kilichoumia. Uchunguzi wa ute uliovutwa kutoka magoti ya wachezaji walioumia umekuta mabaki ya gegedu linalovunjika, na kiwango chake hubaki juu kwa miezi mingi, kwa wengine hata miaka, baada ya uvimbe wa nje kuisha na mchezaji kutangaziwa kuwa amepona.

Halafu kuna tundu lenyewe. Mahali gegedu lilipomeguka panabaki shimo lenye kingo. Kila hatua, gegedu la mfupa wa upande wa pili linapita juu ya kingo hizo, na lile lililo pembeni ya shimo linabeba mzigo wa lile lililotoka. Fundi ujenzi angeelewa haraka, maana sakafu ya saruji haianzi kubomoka katikati ya eneo zima, inaanzia pale ilipong'oka kipande.

Watafiti wa Marekani waliofuatilia magoti ya watu wa majimbo ya Iowa na Alabama katika utafiti uitwao MOST waliliona hili kwenye vipimo vya MRI. Wenye tundu dogo kwenye gegedu walikuwa katika hatari zaidi ya kupata uharibifu mpya sehemu nyingine ya chumba hicho hicho ndani ya miezi 30, na jambo la kushangaza ni kwamba tundu lisilofika kwenye mfupa lilikuwa na hatari sawa na lile lililofika. Mtu anayeambiwa "limekwanguka kidogo tu" hana sababu ya kulipuuza.

Sababu ya mwisho iko nje kabisa ya gegedu, na kwa mzazi huenda ndiyo muhimu kuliko zote kwa kuwa inaweza kutibiwa. Goti likijaa maji, hata kiasi kidogo, mwili huuzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Si uvivu wa mtoto, ni ubongo unaokataa kuuamrisha msuli huo. Ndani ya wiki chache paja linasinyaa, na ukilipima kwa futi ya fundi cherehani utaona tofauti na la pili. Msuli huo ndio unaopokea kishindo wakati wa kushuka ngazi na ndio unaoiongoza pia ya goti ipite katikati ya njia yake. Ukiwa dhaifu, kishindo kinaenda kwenye gegedu, na pia ya goti inasagana na mfupa kwa upande. Aliyeumia upande wa ndani akaja kuumwa mbele mara nyingi ni huyu, ambaye paja lake halikuwahi kurudishiwa nguvu.

Walidhani haina kazi

Ipo historia ambayo wapenzi wa mpira wa zamani wanaifahamu kwa macho, wakiwaona nyota wa enzi zao wakitembea kwa fimbo. Mwaka 1887 daktari mpasuaji Mwingereza, John Bland-Sutton, aliandika kwamba meniskasi ni mabaki ya msuli wa mguu yasiyo na kazi. Kwa miongo mingi iliyofuata madaktari waliing'oa nzima kila ilipochanika. Mgonjwa alipata nafuu ndani ya wiki chache, akarudi kazini au uwanjani, kila mtu akafurahi.

Mwaka 1948 daktari T. J. Fairbank alichapisha alichokiona kwenye picha za eksirei za watu walioondolewa meniskasi. Nafasi kati ya mifupa ilikuwa imepungua, ncha ya mfupa wa paja imebonyea, na ukingo mpya wa mfupa umeota pembeni. Fairbank alisema meniskasi ilikuwa na kazi ya kubeba uzito na kwamba kuiondoa si jambo la bure. Hata hivyo, mtindo wa kung'oa uliendelea kwa miaka mingi baada yake. Leo kanuni imegeuka, na daktari anayejua kazi yake atajitahidi kuishona, au kukata kipande kidogo kabisa kilicholegea na kuacha kilichobaki.

Ole Gunnar Solskjær, yule aliyefunga bao la ushindi la Manchester United dhidi ya Bayern Munich mwaka 1999, aliumia gegedu la goti mwaka 2003, akapasuliwa zaidi ya mara moja, akastaafu mwaka 2007. Ledley King wa Tottenham alifikia mahali ambapo hakuweza kufanya mazoezi na wenzake, akawa anajitokeza siku ya mechi tu, mpaka goti lilipomlazimisha kustaafu mwaka 2012 akiwa na miaka 31. Hao walikuwa na madaktari bora wa Uingereza. Kijana wa shule anayechezea uwanja wenye mashimo hana hata mfuko wa barafu.

Takwimu za vijana wa kawaida zinatisha zaidi kuliko habari za nyota. Nchini Sweden, Stefan Lohmander na wenzake waliwatafuta wanawake waliokuwa wamekatika ligamenti ya goti wakicheza soka miaka 12 kabla. Wastani wa umri wao sasa ulikuwa miaka 31. Nusu ya waliopigwa picha tayari walikuwa na goti lililosagika kwa vigezo vya eksirei. Miaka 31, umri ambao wengi ndio kwanza wana watoto wa chekechea. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na timu hiyo mwaka 2007 yalifikia hesabu hiyo hiyo kwa ujumla, kwamba takriban nusu ya waliokatika ligamenti au kuchanika meniskasi huwa na ugonjwa huu miaka 10 hadi 20 baadaye.

Nusu nyingine hawapati, na hilo lisisahaulike. Kuumia si hukumu.

Mama naye, je?

Hapa wengi huchanganya mambo, na mkanganyiko huo una gharama. Kwa kijana, jeraha hutangulia na kusagika hufuata. Kwa mtu aliyevuka miaka 45 au 50 mara nyingi ni kinyume chake. Gegedu limeanza kuchoka lenyewe, meniskasi imekauka, na siku moja inachanika mtu akiinuka tu kwenye mkeka. Mchaniko huo ni dalili ya uchakavu ambao ulikuwapo, sawa na kanga kuukuu inayochanika ikifuliwa.

Katika mji wa Framingham, Marekani, watu 991 wa miaka 50 hadi 90 walipigwa MRI ya goti bila kuchaguliwa kwa ajili ya maumivu. Asilimia 35 walikuwa na meniskasi iliyochanika au kuharibika. Kati ya waliokuwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wowote mwezi uliotangulia. Kwa maneno mengine, mtu mzima akipigwa MRI na kuonyeshwa mchaniko, bado haijathibitika kwamba mchaniko huo ndio unaomuumiza.

Madaktari wa Finland walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65 waliokuwa na mchaniko wa uchakavu. Nusu walikatwa kipande kilichochanika kwa upasuaji wa matundu madogo, nusu wakatobolewa ngozi na kufanyiwa kila kitu isipokuwa kukatwa chochote, wenyewe wasijue wako kundi gani. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ile ile. Kwa hiyo mama wa miaka 44 akiambiwa akauze kiwanja ili asafishwe goti, ana haki ya kuuliza kwanza kama amejaribu mazoezi tiba kwa miezi mitatu ya kweli. Goti lililojifunga, yaani lisilonyooka kabisa kwa sababu kipande kimekwama, ni suala tofauti na linahitaji daktari mpasuaji.

Kuhusu sindano, zipo kliniki za mitaani ambako mgonjwa wa goti huchomwa kila akirudi, mpaka anaizoea kama chai. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwachoma watu 140 wenye magoti yaliyosagika, wengine dawa ya steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wengine maji ya chumvi. Mwishoni maumivu yalikuwa hayatofautiani, ila waliochomwa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Sindano moja kumvusha mgonjwa wakati mgumu ni uamuzi wa daktari. Sindano za mfululizo bila mpango ni jambo jingine.

Na bamia? Ni mboga nzuri, iliwe. Ila mlenda wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kwenda kujaza ute gotini. Supu ya makongoro nayo ni hivyo hivyo, na kwa anayetakiwa kupunguza uzito mafuta yake yanaweza kumrudisha nyuma.

Uzito una hesabu yake, na ni hesabu yenye matumaini. Utafiti wa Stephen Messier na wenzake wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja mtu anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Akipungua kilo tano tu, goti linapumzishwa kilo 20 kila mguu unapokanyaga, kutoka kitandani hadi sokoni na kurudi. Pamoja na hilo, kuimarisha paja kwa kukaa kitini na kunyoosha mguu, kuinuka kwenye kiti bila kushika, kutembea na kuendesha baiskeli ni tiba, si mbwembwe. Wengi huacha kutembea wakiogopa "kulimaliza" goti, wakati gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye ute unaosukumwa na mwendo.

Usiku huo na wiki zinazofuata

Maji yanayochemka jikoni yafae kwa chai. Goti lililoumia leo halikandwi kwa maji ya moto wala kuchuliwa, maana joto na kusugua huongeza damu na uvimbe, na mchua anayevuta mguu ili "kurudisha" kitu asichokiona anaweza kumalizia mchaniko ulioanza. Siku mbili tatu za mwanzo kijana apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, afungwe bendeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mito.

Kinachomsaidia daktari zaidi ni saa. Uvimbe uliotokea ndani ya saa chache baada ya kuumia mara nyingi ni damu ndani ya goti, na damu hiyo humaanisha ligamenti imekatika, pia ya goti iliteguka au mfupa umemeguka. Uvimbe uliokuja polepole kesho yake huelekea zaidi kwenye meniskasi. Mzazi aulize pia kama kijana alisikia kitu kikilia "pap", kama aliweza kupiga hatua nne baada ya kuanguka, kama goti linanyooka lote, na kama linamponyoka akigeuka. Likiwa limejaa haraka, limejifunga, linaponyoka, au hawezi kulikanyagia, aende hospitali yenye daktari wa mifupa bila kusubiri wiki. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji wa goti kwa matundu madogo, na hospitali za kanda kama KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza zina huduma za mifupa.

Akipigwa eksirei na kuambiwa haina tatizo, asichukulie kuwa yameisha. Eksirei huonyesha mfupa, gegedu na ligamenti haiyaonyeshi. Mikono ya daktari mzoefu anayelipima goti likiwa limetulia baada ya siku kadhaa hugundua mengi, na MRI huja pale inapohitajika kuamua kama kuna cha kushona. Kwa kijana, mchaniko unaoshoneka unafaa ushonwe mapema, kabla hajaukanyagia miezi sita.

Si kila goti la mtoto linalouma ni gegedu. Kinundu kinachouma chini ya goti kwa mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayekua haraka kwa kawaida ni mvutano wa kano pale inaposhika mfupa, na hutulia akimaliza kurefuka. Mtoto anayelalamika goti huku anatembea kwa kuburuza mguu apimwe na nyonga, kwa kuwa tatizo la nyonga hujitokeza kama maumivu ya goti. Goti lenye moto na homa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na maumivu yanayomwamsha usiku, hasa yenye uvimbe juu au chini ya goti ambao haukutokana na mchezo, yasikandwe hata mara moja, kwa sababu saratani ya mifupa kwa vijana hupenda sehemu hiyo.

Baada ya hapo huanza kazi ambayo familia nyingi huiacha nusu, yaani mazoezi tiba. Mtaalamu humfundisha kijana kuliamsha tena paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yameelekea mbele. Aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti hashauriwi kurudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa, na hata hapo iwe paja limelingana na la pili. Kijana atasema amepona mwezi wa tatu. Kocha naye atasema hivyo hivyo, hasa kama fainali iko karibu. Mtu pekee anayeweza kusema hapana bila kupoteza kitu ni mzazi.

Wasichana wanahitaji jicho la ziada. Katika michezo ile ile, hatari yao ya kukatika ligamenti ya goti ni mara mbili hadi tatu ya wavulana, na netiboli, yenye kuruka, kudaka na kusimama ghafla, ni mchezo wa kugeuza goti kweli kweli.

Kinga ipo, na haihitaji fedha. Programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+ ina mazoezi 15 ya kukimbia, kuimarisha paja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja na kujifunza kutua. Huchukua kama dakika 20. Ilipojaribiwa kwa wachezaji 416 wa ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, timu zilizoifuata ziliumia pungufu kwa asilimia 41 kuliko zilizopasha kwa mazoea. Lagos si Oslo, nao ni vijana wa Kiafrika kwenye mazingira yanayofanana na ya kwetu. Mazoezi hayo yanapatikana bure mtandaoni kwa picha na video, na yanahitaji mpira mmoja na uwanja wowote. Mzazi mwenye mtoto kwenye timu ya shule anaweza kumpigia mwalimu wa michezo kumuuliza vijana hupasha dakika ngapi kabla ya mechi, na kama jibu ni kuzunguka uwanja mara mbili, amtumie video hiyo kwa WhatsApp.